Sauti Hukaa Wapi? Gari la Zamani na Redio Yake huko Butembo na Beni

Kuboresha sauti ya gari la zamani ni kazi ya fundi umeme, lakini ndani yake limo swali lililowasumbua wanafalsafa tangu kale: sauti hukaa wapi? Iko ndani ya chombo kinachoitoa, au iko kwa anayeisikia? Mwenye kuamini kwamba iko ndani ya chombo ataiboresha kwa kubadili chombo: redio mpya, ampli yenye nguvu, bafle (yaani spika) kubwa nyuma ya kiti. Mwenye kuamini kwamba iko baina ya chombo na sikio ataanzia kwingine. Atauliza nani anasikiliza, anasikiliza nini, na kipi kinamzuia asisikie. Mjini Butembo na Beni, Kivu ya Kaskazini, swali hili hujibiwa kila siku garajini, na majibu yake husikika barabarani.

Magari yenyewe kwanza. Barabara ya kitaifa namba 2, inayoiunganisha miji hii miwili kwa kilomita zipatazo 54, hupitwa na magari ya rika nyingi. Yapo malori ya Mercedes-Benz yenye pua ndefu, Land Cruiser za miaka ya 1980, na Toyota ndogo zilizoanza maisha Japani zikaingia kwa njia ya Mombasa, Kampala na mpaka wa Kasindi, usukani wake ukiwa kulia katika nchi ambayo magari pia hupita kulia. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, hulitambua gari kuwa la kihistoria likiwa na umri wa angalau miaka 30, likiwa limetunzwa kulingana na historia yake, na likiwa halitumiki kwa usafiri wa kila siku. Sharti hilo la mwisho lingeyafuta karibu magari yote ya zamani ya Butembo, kwa kuwa yangali yanabeba viazi, mbao, kahawa na wanafunzi. Hapo kipimo cha makumbusho hukosea. Gari linaloendelea kufanya kazi limehifadhi kitu ambacho gari lililofunikwa shuka limekipoteza, nacho ni mazoea ya kutumika. Na sauti ni sehemu ya mazoea hayo. Dereva wa miaka mingi hujua kwa sikio kwamba beringi ya gurudumu imeanza kuisha, kabla mkono wake haujahisi joto. Redio mpya, basi, huingia katika chombo ambacho tayari kinasema.

Kasoro iliyo ya kawaida kuliko zote katika magari yaliyotoka Japani haitokani na ubovu. Redio za soko la Japani zilitengenezwa kupokea masafa ya FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, ilhali vituo vya Kongo, kama vya Uganda na sehemu kubwa ya dunia, hutangaza kati ya 87.5 na 108. Redio ya namna hiyo ni nzima kabisa. Kaseti inazunguka, taa yake ya kijani inawaka, lakini mji inamoishi haiusikii: vituo vichache vilivyo chini ya 90 huingia, vilivyobaki ni kama havipo. Fundi huweka kifaa kidogo kati ya waya wa antena na redio, nacho huyashusha masafa. Kikishusha kwa megahezi 14, kituo cha 102 kitapatikana kwenye 88. Tarakimu za kwenye kioo zitakuwa za uongo, na mwenye gari atazoea kujumlisha. Tena upana wa megahezi 14 hauwezi kuumeza upana wa 20 na nusu, kwa hiyo vituo vya pembeni hubaki nje. Pamoja na upungufu huo, kwa gari linalotakiwa kubaki na uso wake wa asili, hiyo ndiyo tiba ya kwanza. Na tazama kilichotokea. Nguvu ni ileile, bafle ni zilezile, hakuna hata wati moja iliyoongezwa. Ila sasa Radio Moto ya jimbo Katoliki la Butembo-Beni inaweza kuingia, na Radio Okapi iliyoanzishwa mwaka 2002 chini ya Umoja wa Mataifa inaweza kuingia. Hakuna mwenye gari atakayesema sauti haikuboreka. Kilichoongezeka ni usikivu wa gari kwa mahali lilipo.

Kabla ya kununua chochote kikubwa zaidi, umeme wa gari huulizwa uwezo wake. Gari dogo la miaka ya 1960 mara nyingi lina dainamo ya ampea 20 hadi 35, na hizo hupatikana injini inapozunguka kwa kasi. Gari likisimama injini ikinguruma polepole, dainamo hutoa kidogo sana. Taa mbili za mbele za wati 45 kila moja hula ampea 7.5 kwenye volti 12. Zikijumlishwa taa za nyuma na koili ya kuwashia, matumizi hufika kama ampea 12. Ampli inayotoa kwa kweli wati 100, mbali na zile 1,000 zilizoandikwa kwenye boksi, huhitaji takriban ampea 15 nyingine ikifunguliwa hadi mwisho, kwani karibu nusu ya umeme wake hupotea kuwa joto. Hesabu hii huonekana kwa macho usiku: kila ngoma inapopigwa, mwanga wa taa hushuka. Katika kona za milima kati ya Butembo na Beni, ngoma hiyo hulipiwa kwa macho ya dereva.

Malori yana tatizo lao, na linastahili kutazamwa kwa karibu. Mengi hutumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizounganishwa mfululizo, ilhali redio ya kawaida ni ya volti 12. Fundi mwenye haraka huchomeka redio kwenye betri moja tu, na redio huimba siku hiyohiyo. Lakini betri inayochotwa hupungua kila siku, na chaji inapopita katika zote mbili kwa pamoja, ile isiyochotwa hujazwa kupita kiasi. Miezi michache baadaye moja imekufa kwa njaa na mwenzake kwa shibe. Dawa ni kipunguza volti kinachochota kwenye zote mbili kwa usawa. Katika Land Rover na magari mengine ya Uingereza yaliyoundwa kabla ya mwishoni mwa miaka ya 1960 kuna mtego mwingine: bodi yake huweza kuwa imeunganishwa na chanya ya betri badala ya hasi, na redio ya kisasa yenye ganda la chuma ikifungwa humo bila kupima, huungua papo hapo.

Kisha hufuata ukimya, jambo ambalo wateja wengi hawaliombi na fundi mzuri huanza nalo. Paneli ya mlango wa gari la zamani ikitolewa, huonekana vumbi jekundu lililoganda kama rangi, mpira wa dirisha uliokauka, na bafle ndogo ya karatasi ambayo unyevu wa Butembo umeilainisha na vumbi limeikaza tena. Karatasi ikiwa imechanika pembeni hubandikwa ukanda mwembamba kwa gundi isiyokauka ngumu, na bafle hiyo inaweza kuendelea miaka mingine. Bati la mlango lenyewe hutetema. Likigongwa kwa kidole hulia kama debe. Likibandikwa upande wa ndani vipande vya mpira mzito au lami ya karatasi, hulia kwa mlio mfupi na mzito. Cheche za injini ya petroli nazo huingia redioni kama mkwaruzo unaopanda na kushuka kwa mwendo wa injini, na huondolewa kwa nyaya za plagi zenye ukinzani, kapasita kwenye koili, na ardhi ya umeme iliyokwanguliwa kutu hadi chuma king'ae. Kazi zote hizi hazitoi sauti hata kidogo. Zinaondoa. Na baada yake redio ileile ya zamani, kwa nguvu ileile, husikika kama mpya. Ikiwa sauti ingekuwa mali ya chombo peke yake, isingewezekana kuiongeza kwa kupunguza.

Hapo huibuka swali la pili, la utambulisho. Gari lililotolewa redio yake ya asili likawekwa nyingine, ni gari lilelile? Plutarch, mwandishi Mgiriki, alisimulia kwamba Waathene waliihifadhi meli ya Theseus kwa kubadili kila ubao uliooza, hadi wanafalsafa wakagawanyika: wengine wakasema ni ileile, wengine wakakana. Mwaka 1655 Mwingereza Thomas Hobbes aliongeza ugumu: vipi kama mtu angeziokota mbao zote za zamani na kuunda nazo meli ya pili? Kivu ya Kaskazini haina haja ya kuazima meli. Ina chukudu. Baiskeli hiyo ya mbao, ya kushuka nayo mlimani ikiwa imebeba magunia, huvunjika gurudumu leo, usukani mwezi ujao, ubao wa kusimamia mwaka unaofuata, na ukanda wa tairi kuukuu unaovalishwa magurudumu ndio huisha mapema zaidi. Kila kipande hubadilishwa. Mwenyewe hasemi ana chukudu ya sita; anasema ni chukudu yake, na majirani wanaitambua. Kinachoifanya iwe ileile ni mfululizo wa kazi na wa mikono inayoitunza, ambao haukukatika siku yoyote.

Kwa kipimo hicho redio mpya hailiui gari la zamani. Lakini kipimo hichohicho kina ukali wake, maana mfululizo unaweza kukatwa kwa msumeno. Dashibodi ya chuma ya miaka ya 1960 ina tundu dogo la mstatili na mashimo mawili ya vitufe. Redio za baadaye zinataka nafasi ya milimita 180 kwa 50 hivi. Chuma kikishakatwa ili nafasi hiyo ipatikane, hakirudi. Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu majengo ya kale uliweka kanuni kwamba sehemu iliyoongezwa ilingane na jengo zima na wakati huohuo itambulike kuwa ni nyongeza, isiighushi historia. Kwa gari, busara hiyo ina njia tatu za kawaida. Redio mpya hufichwa ndani ya kisanduku cha dashibodi na ya zamani huachwa mahali pake ikiwa kimya. Au bafle hufungwa katika boksi chini ya kiti, bila kutoboa milango. Au ganda la redio ya zamani huwekwa viungo vipya ndani, vitufe vilevile vikiendesha umeme mwingine. Njia hii ya tatu hupendeza sana macho, na ndiyo yenye shaka zaidi, kwa kuwa uso unasema jambo ambalo moyo wake hauna. Walio waangalifu huhifadhi viungo vya zamani katika kifuko, pamoja na gari, ili mrithi aweze kurudisha. Kifuko hicho ni jibu la heshima kwa Hobbes: mbao za zamani zisiende kwa mwingine.

Alexis Kagame, padri na mwanafalsafa wa Rwanda, katika kitabu chake cha 1956 alivigawa vyote vilivyopo katika mafungu manne kwa kufuata mizizi ya lugha: muntu, aliye na akili, kintu, kitu kisicho na akili, hantu, mahali na wakati, na kuntu, namna ya kuwa. Paulin Hountondji wa Benin alipinga vikali katika miaka ya 1970 desturi ya kuchimba falsafa ya watu wote ndani ya utamaduni wao wa pamoja, na pingamizi lake lina uzito, kwa sababu sarufi ya lugha si hoja ambayo mtu ameitetea. Hata hivyo mgawanyo huo unasaidia kupanga swali la hapa. Redio ni kintu. Bafle, nyaya na betri ni kintu. Sauti haimo katika fungu hilo. Ni kuntu, namna ambavyo vitu hivyo huwa kwa mtu fulani mahali fulani. Ndiyo maana bafle ileile husikika vingine katika gari tupu na katika gari lililojaa abiria wenye makoti, na vingine tena madirisha yakifunguliwa.

Muziki unaochezwa garini unathibitisha hilo. Rumba ya Kongo, ambayo UNESCO iliiandikisha katika urithi wa binadamu mwezi Desemba 2021, hujengwa juu ya magitaa yanayosukana: la kuongoza midundo, la solo, na lile la kati liitwalo mi-solo, huku waimbaji wakipokezana juu yake. Karibu yote hayo yamo katika sauti za kati, ambazo bafle moja ndogo ya dashibodi iliweza kuzibeba. Wimbo wa Grand Kallé na African Jazz wa mwaka 1960 kuhusu uhuru uliwafikia wengi kwa bafle za aina hiyo. Ukifungwa mtambo mkubwa wa besi, mi-solo ndiyo hufunikwa kwanza. Mwenye gari amelipa pesa nyingi na amepoteza gitaa.

Dini mbili zenye waumini katika miji hii zimelizungumza suala hili la sauti na msikilizaji kwa kina kuliko wauza redio. Augustino wa Hippo, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, alikiri kwamba mara nyingine uimbaji ulimgusa kuliko maneno yanayoimbwa, na akahesabu hilo kuwa kosa lake. Lakini hakutaka nyimbo zifutwe kanisani, kwa kuwa zimewainua wanyonge. Wamisionari Waasumpsio, wafuasi wa kanuni yake, walifika katika nchi hii mwaka 1929, na jimbo la Butembo-Beni ni tunda la kazi yao. Upande wa Waislamu, mwanazuoni al-Ghazali alitenga sehemu nzima ya kitabu chake Ihya kwa suala la kusikiliza, akafikia kwamba hukumu yake hutegemea sana hali ya msikilizaji: sauti huamsha kilichomo moyoni, na kama kilichomo ni kibaya, ndicho kitakachoamka. Augustino na al-Ghazali walitenganishwa na karibu karne saba na hawakuwa na imani moja, lakini wote wawili wanaliweka swali la ubora wa sauti ndani ya mtu. Hukumu hiyo ni sahihi, na inamhusu hata dereva wa lori.

Inawahusu zaidi wanaogeuza gari kuwa kipaza sauti. Hesabu ya nguvu ni kali: kuzidisha wati mara mbili huongeza desibeli 3 tu, na ili sikio lihisi sauti imekuwa kubwa maradufu, nguvu huhitaji kuzidishwa kama mara kumi. Anayetafuta kusikika kwa kuongeza ampli hupanda mlima usio na kilele. Miji hii iliona mpaka wa njia hiyo wakati wa Ebola, kuanzia ilipotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 hadi ilipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 2,287 wakiwa wamefariki. Magari yenye vipaza sauti yalizunguka mitaani. Lakini uchunguzi uliofanywa Septemba 2018 kwa watu wazima 961 wa Beni na Butembo ulikuta kwamba kiasi cha robo yao hawakuamini ugonjwa upo, na chini ya theluthi moja waliziamini mamlaka za mahali. Desemba ile uchaguzi uliahirishwa katika miji hii kwa sababu iliyotajwa kuwa Ebola na usalama, na shaka ikaongezeka. Maneno yalikuwa yanafika masikioni vizuri kabisa. Kilichokosekana hakikuwa desibeli. Ujumbe ulianza kuingia pale uliposemwa na watu wanaojulikana mtaani, wakiwamo waliopona, mara nyingi bila kipaza sauti chochote.

Kuna sababu nyingine ya kulinda sikio, nayo ni ya uhai. Tangu Oktoba 2014 eneo la Beni limepata mauaji ya raia mara kwa mara, na watu wake wamejifunza kuusikiliza usiku: mbwa wanaobweka upande mmoja, pikipiki inayosimama ghafla, ukimya usio wa kawaida. Gari lililojaa mngurumo wa besi humnyima dereva honi ya lori linaloshuka konani, na huwanyima walio kando ya barabara kile wanachokitegemea. Kwa hiyo mtambo mzuri wa gari la zamani katika nchi hii ni ule ambao sauti yake huishia kwenye kioo cha dirisha, na ambao mkono unaweza kuuzima bila kuutafuta.

Hatua ya mwisho ni kupima. Mafundi wenye sikio hupima kwa maneno ya mtu kabla ya muziki, kwa sababu kasoro ya sauti ya mtu hutambulika na yeyote, ilhali kasoro ya gitaa huweza kudhaniwa kuwa mtindo. Injini huwashwa, madirisha hufungwa, kitufe cha sauti huwekwa chini, na kituo cha mahali hutafutwa saa ya matangazo ya vifo. Konsonanti ndizo hutofautisha maneno, nazo zimo zaidi katika kilohezi 2 hadi 4, juu ya pale besi inapoishi. Kwa Wanande, walio wenyeji wengi wa miji hii, jambo hilo lina uzito wa pekee: mtoto wa pili wa kiume huitwa Kambale, wa tatu Kasereka, wa nne Kakule, na majina hayo yamo katika kila nyumba. Anayemjua marehemu atamtambua kwa jina la pili na kwa jina la kijiji, ambayo mtangazaji huyasoma mara moja tu kwa haraka. Besi hupunguzwa kidogo, kisha kidogo tena. Jina la pili linaposikika lote, pamoja na kijiji, huku injini ikiendelea kunguruma, nyaya hufungwa utepe na paneli ya mlango hurudishwa mahali pake.